Nasoma kila usiku na bado nafeli: nibadilishe nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasomea sayansi ya viumbe. Sekondari nilikuwa miongoni mwa watatu wa mwanzo darasani, wala sikuwahi kukesha kwa ajili ya mtihani. Sasa nakaa mezani kwa muda wa saa tano kila usiku. Nasoma slaidi zote, napigia mistari kwa kalamu za rangi, narudia mpaka nahisi nimeelewa. Jaribio la kwanza nimepata 41 kati ya 100. Rafiki yangu mmoja ananiambia mimi ni mtu wa kujifunza kwa kuona, nitafute video. Mwingine anasema niongeze saa za kusoma. Naanza kujiuliza kama chuo ni mahali pangu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Hilo la mwisho tulimalize kwanza, maana likibaki kichwani halitakuacha usikilize mengine. Alama 41 katika jaribio la kwanza zinaeleza jinsi ulivyojiandaa kwa jaribio lile. Kuhusu uwezo wako hazijasema kitu. Mtu anayekaa mezani saa tano kila usiku si mvivu, na akili iliyokufikisha chuoni haikupotea njiani. Na saa usiongeze. Ukiongeza saa mbili za kufanya yaleyale utaongeza uchovu, basi.

Tazama kilichobadilika. Sekondari mwalimu alikuwa anakuuliza. Alikusimamisha ujibu mbele ya wenzako, alitoa zoezi akalisahihisha, alikupa jaribio mwisho wa wiki, na mtihani ulipokaribia alirudia mada zote tangu mwanzo. Wewe ulijiona unasikiliza tu, kumbe kila siku ulikuwa unalazimishwa kuyatoa kichwani uliyofundishwa. Chuoni mhadhiri anaingia, anatoa mhadhara, anaacha slaidi na orodha ya vitabu, anaondoka. Kitu cha kwanza kukuuliza ni jaribio lenyewe, na kufikia hapo wiki kadhaa zimeshapita. Kazi ya kukuhoji imebaki haina mwenyewe. Karibu kila nitakalokuambia hapa ni namna ya kuichukua kazi hiyo na kuipa siku na saa yake.

"Narudia mpaka nahisi nimeelewa." Hapo ndipo alama zako zilipopotelea. Ukisoma slaidi mara ya tatu, macho yanateleza bila kukwama, na wepesi huo unaufanya moyo useme: hii naijua. Lakini unachokijua ni sura ya ukurasa. Mtu unaweza kumtambua mara tu ukimwona, na bado ushindwe kuieleza sura yake akiwa hayupo. Mtihani unakuja slaidi zikiwa hazipo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kisayansi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Lingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojihoji asilimia 61. Kinachonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, waliokuwa na matumaini makubwa zaidi ni haohao waliorudia kusoma. Yaani hisia yako inakudanganya pale pale unapoitegemea, na inadanganya kila mtu.

Ndiyo maana mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kujifunza, waliziweka kusoma upya na kupigia mistari katika kundi la mbinu zenye manufaa madogo. Kujipima mwenyewe na kutawanya masomo katika siku tofauti ndizo mbili pekee zilizopata daraja la juu. Kwa hiyo kalamu zako za rangi hazina dhambi, ila zimepewa kazi isiyo yao. Nitazirudia.

Sasa tuone kujihoji kunavyokuwa mezani, maana ukiambiwa "jipime" unaweza kudhani ni kusoma slaidi huku ukijiuliza kimoyomoyo "naelewa?". Hapana. Chukua mada ambayo lazima utakutana nayo mwaka huu, vimeng'enya. Slaidi inasema: "Vimeng'enya vingi ni protini. Huharakisha mabadiliko ya kikemikali. Utendaji wao huathiriwa na joto na pH." Usiku ulioutumia kama ulivyozoea, ungepigia mstari maneno joto na pH, ungesogea slaidi inayofuata ukiwa na amani. Sasa funga kompyuta. Chukua karatasi tupu, juu yake andika swali linaloweza kuulizwa na mtu asiyekuonea huruma: kwa nini joto likipanda kasi ya kimeng'enya huongezeka, kisha ghafla huporomoka?

Unaanza kuandika. "Joto likiongezeka molekuli zinakwenda kwa kasi, zinagongana mara nyingi zaidi, kwa hiyo mabadiliko yanatokea haraka." Vizuri. "Joto likizidi, kimeng'enya kina..." Kalamu inasimama. Kinakufa? Unaandika kinakufa, unakifuta, kwa sababu kimeng'enya hakikuwa hai hata kife. Kaa na mkwamo huo dakika moja au mbili, usikimbilie slaidi. Halafu fungua kitabu: protini imejikunja kwa umbo maalumu, joto kali linalegeza vifungo vinavyolishikilia umbo hilo, na mahali ambapo molekuli inayofanyiwa kazi inaingia panabadilika, haiingii tena. Hapo sasa chukua kalamu nyekundu uandike sentensi hiyo kwa maneno yako chini ya pale ulipokwama. Wino wa kawaida ni ulichokuwa nacho kichwani, wino mwekundu ni ulichokikosa. Ukurasa huo ukiutazama baada ya siku tatu, macho yaende kwenye nyekundu tu. Kalamu ya rangi imepata kazi yake.

Umetumia dakika ishirini kwa slaidi moja, na umetoka ukiwa hujiamini kama ulivyokuwa ukiamini usiku wa kupigia mistari. Usishtuke. Kwenye chuo kikuu cha Harvard, Louis Deslauriers na wenzake walilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mihadhara laini iliyonyooka na waliotakiwa kuhangaika na maswali darasani. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo utaona kama unarudi nyuma. Wanafunzi wengi huiacha njia hii hapohapo, kabla haijawalipa.

Swali la pili ni lini. Saa tano za usiku mmoja kwa kozi moja, halafu usiirudie hadi wiki ya jaribio, ni matumizi mabaya ya saa nzuri. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba kusahau kunakwenda mbio mwanzoni: ndani ya saa ya kwanza tu sehemu kubwa inapotea, kisha kasi inapungua. Masomo yenye maana hayapotei haraka kama silabi zake, lakini mteremko ni uleule. Dawa ni kurudia kwa mapengo, yaani kuacha siku zipite kati ya kusoma na kurudia. Nicholas Cepeda na wenzake mwaka 2008 walijaribu mapengo tofauti kwa watu zaidi ya elfu moja. Mtihani ukiwa baada ya siku 7, pengo lililofaa lilikuwa siku moja. Ukiwa baada ya siku 35, lilikuwa siku kama 11. Kadiri unavyotaka kukumbuka kwa muda mrefu ndivyo pengo linavyopaswa kurefuka.

Usihesabu siku kwa kikokotoo. Mpango unaotosha ni huu: mhadhara wa leo ujihoji leo, ndani ya saa chache. Ujihoji tena kesho au keshokutwa, dakika kumi tu. Kisha wiki ijayo, kisha baada ya wiki mbili au tatu ukiwa umeuchanganya na mada nyingine. Majina na fasili ambazo hazina jinsi ila kukumbukwa, ziandike kwenye kadi, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 mtindo wa kuzipanga kadi kwenye visanduku: uliyoijibu inahamia kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Programu nyingi za kadi kwenye simu hufuata wazo hilohilo. Onyo moja: usigeuze kila kitu kuwa kadi. Mchakato kama upumuaji wa seli ukiukatakata vipande arobaini utajua vipande na kupoteza mchakato. Huo uchore wote kwenye karatasi tupu, mishale na majina, kisha ulinganishe na kitabu.

Kwa kozi zenye hesabu, na wewe takwimu hutaikwepa, kuna mtego mwingine. Unafanya maswali ishirini ya aina moja, yote unapata, unafunga daftari ukiwa na furaha. Ulijua kanuni ipi itumike kwa sababu kichwa cha habari cha sura kilikuambia. Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio la wanafunzi wa chuo waliokuwa wakijifunza kukokotoa ujazo wa maumbo manne tofauti. Waliomaliza maswali ya aina moja kabla ya kuhamia aina nyingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi; waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wa kwanza walipata 20, waliochanganyiwa 63. Kwa hiyo chukua maswali mawili ya sura hii, mawili ya sura iliyopita, moja la mwezi uliopita, uyavuruge. Kabla ya kukokotoa, andika kwa sentensi moja kwa nini umechagua njia uliyoichagua. Sentensi hiyo mtihani hauidai, lakini ndiyo inayokufundisha.

Tuje kwenye ratiba. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewaona wanafunzi wanaochora ratiba za rangi sita, zimebandikwa ukutani, na Jumatano haijafika wameshazivunja. Kwanza ujue kozi inakudai nini. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi yote, mihadhara ikiwemo, na mwaka mzima una krediti 60. Marekani wazoefu wamezoea kusema saa mbili nje ya darasa kwa kila saa ya darasani. Chuo chako kina hesabu yake, itafute kwenye muhtasari wa kozi. Wanafunzi wengi hawajawahi kuusoma muhtasari huo, na humo ndimo zilimo tarehe za majaribio na uzito wa kila kazi. Kama jaribio lile la 41 lina asilimia kumi ya alama za kozi, hali yako ni nyepesi kuliko unavyoilia.

Kisha hamisha sehemu ya usiku iende mchana. Tuseme mhadhara wako wa Jumanne unaisha saa nne asubuhi na kipindi kinachofuata ni saa nane. Wengi mapengo hayo huyaita mapumziko, yanaishia kwenye simu. Andika hivi kwenye daftari: Jumanne, saa nne na robo, maktaba, meza ya pembeni, karatasi tupu ya mhadhara niliotoka kuusikiliza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu aliyekwisha kuamua atafanya lini, wapi na baada ya tukio gani hutekeleza zaidi kuliko aliyeazimia tu. "Nitajitahidi muhula huu" haina saa wala meza, kwa hiyo haina pa kuanzia.

Na usijipe siku ishirini na moja za kuwa mtu mpya, idadi ambayo watu huirudia bila kujua ilikotoka. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Utafiti ulichapishwa mwaka 2010. Muda wa kati ulikuwa siku 66, ila kwa wengine zilitosha 18 na kwa wengine makadirio yalifika 254. Jambo la kufariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosa Jumanne, Alhamisi endelea pale pale. Usianze kufidia kwa kukesha.

Kukesha kwenyewe sina mengi ya kusema. Ubongo hutumia usingizi kuyaimarisha uliyojifunza mchana, kwa hiyo anayekesha kupiga msuli anakata mti alioupanda. Weka saa ya kufunga daftari na uiheshimu kama unavyoheshimu saa ya mtihani. Simu iwe chumba kingine au ndani ya begi lililofungwa. Kuigeuza kifudifudi mezani si kuiweka mbali. Ukishindwa kuanza, tumia mtindo wa Francesco Cirillo wa dakika 25 za kazi na mapumziko mafupi. Mimi nauona unafaa kuvunja uzito wa kuanza. Ukishazama kwenye swali gumu, kengele ikilia iache ilie.

Darasani usiandike kila neno. Slaidi utapewa, lakini mfano ambao mhadhiri aliutoa kwa mdomo, na jambo alilolirudia mara mbili huku akisema "watu wengi hukosea hapa", havimo kwenye slaidi. Hivyo ndivyo vya kuandika. Acha pambizo pana kushoto, na baada ya kipindi uandike humo maswali ambayo maelezo ya kulia yanayajibu. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell aliueneza mtindo huo, na uzuri wake ni kwamba ukifunika upande wa kulia tayari una jaribio.

Kuhusu rafiki yako wa video. Video nzuri ya jinsi protini inavyojikunja itamsaidia yeyote, kwa sababu jambo lenyewe ni la umbo. Lakini ile hoja kwamba kuna watu wa kuona na watu wa kusikia, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, Harold Pashler na wenzake waliipitia mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitegemea. Hatari yake ni kwamba inakupa kisingizio cha kuikimbia njia inayokutoa jasho. Tazama video, kisha isimamishe, ueleze ulichokiona bila kuitazama.

Kusoma na wenzako ni kuzuri kwa sharti moja: kila mmoja aje ameshajihoji peke yake. Kikundi ambacho mmoja anaeleza na wengine wanaitikia kwa vichwa kinamnufaisha yule anayeeleza. Mkikaa, peaneni maswali, na aliyekwama ndiye ashike kalamu.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye karatasi ya jaribio lako, hiyo yenye 41. Najua hutaki kuiona. Ichukue, na pembeni ya kila alama uliyoikosa andika herufi moja kati ya tatu: A kama kitu chenyewe hukukijua, B kama ulikijua ukashindwa kukitumia, C kama hukuelewa swali lilitaka nini au muda ulikuishia. Hesabu herufi. A zikiwa nyingi, dawa ni kurudia kwa mapengo na kadi. B zikiwa nyingi, unahitaji maswali yaliyochanganywa na karatasi tupu. C zikiwa nyingi, tafuta mitihani ya miaka iliyopita, uifanye kwa muda uleule wa mtihani, uzoee tofauti ya "taja", "eleza" na "linganisha", maana aliyeambiwa alinganishe akataja tu hupoteza nusu ya alama huku akijua kila kitu.

Ukishahesabu, ipeleke karatasi hiyo kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi. Usimwambie "sielewi kozi yako", hana la kufanya na sentensi hiyo. Mwonyeshe swali moja lenye B, mwambie "hapa niliandika hivi kwa sababu nilidhani hivi", umwache akuonyeshe fikra ilipopinda. Wahadhiri wengi hukaa saa hizo peke yao wakingoja mtu. Nenda wiki hii, kabla mada mpya hazijaifunika ile ya zamani.